Baridi Yabisi: Mizani ya Mwili katika Tiba za Kale na katika Sayansi

Katika kijiji cha Njinjo, Wilaya ya Kilwa, kwenye barabara itokayo Nangurukuru kwenda Liwale, mtu akiamka asubuhi huku magoti yamekakamaa, maradhi yake hayahangaikiwi jina. Huambiwa mara moja kwamba ana baridi yabisi. Wala dawa haitafutwi mbali. Ufuta hulimwa katika bonde hilo la Mto Matandu, kama ulimwavyo katika sehemu kubwa ya Mkoa wa Lindi. Mafuta yake, ambayo watu wa pwani huyaita uto, hupashwa moto katika kijungu, hutiwa tangawizi iliyopondwa, kisha mgonjwa huchuliwa viungo mpaka ngozi ipate joto. Baada ya hapo hukatazwa maji ya baridi, upepo wa usiku, na vyakula vinavyohesabiwa kuwa ni vya baridi.

Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika jimbo la Kerala nchini India, tabibu wa Ayurveda hufanya takriban jambo hilohilo. Naye huchukua mafuta ya ufuta, huyapasha moto, humchua mgonjwa, na humwagiza ale vyakula vya moto na kujiepusha na upepo. Akiulizwa sababu, hujibu kwamba anaituliza vata, yaani nguvu ya upepo iliyozidi mwilini.

Je, kufanana huku ni kwa bahati tu? Na lililo kubwa zaidi: maelezo haya ya mizani ya mwili yana ukweli gani? Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo mawili. Sina budi kukiri tangu mwanzo kwamba swali la pili kwangu mimi si la vitabuni tu. Nilipokuwa mtoto nilishika kibatari usiku mmoja wakati bibi yangu akimchua kwa uto binamu yangu, mvulana wa miaka kama kumi. Majuma mawili au matatu kabla ya hapo alikuwa na homa na maumivu ya koo. Sasa goti lake lilikuwa limevimba. Siku chache baadaye goti likapona, na uvimbe ukahamia kifundo cha mguu, halafu kiwiko. Bibi alisema, "Baridi inatembea." Baada ya majuma machache maumivu yote yakaisha, nasi sote tukaamini kwamba uto umeshinda. Nitarejea kwa kijana huyo hapo mbele, kwani hadithi yake haikuishia hapo.

Vata ni nini?

Ayurveda ni elimu ya tiba ya kale ya Bara Hindi. Vitabu vyake viwili mashuhuri, cha Charaka na cha Sushruta, vimesomwa na matabibu kwa karne nyingi. Kwa mujibu wa elimu hiyo, mwili huendeshwa na nguvu tatu ziitwazo dosha, nazo ni vata, pitta na kafa. Vata, neno ambalo katika Kisanskriti maana yake ni upepo, ndiyo isogezayo kila kitu mwilini: pumzi, damu, chakula tumboni, hata mawazo. Sifa zake ni ubaridi, ukavu, wepesi na kutotulia. Pitta ina sifa ya moto na ukali, na kazi yake ni kuyeyusha chakula. Kafa ni nzito, ya baridi na majimaji, na kazi yake ni kuushikamanisha mwili.

Kila mtu, wasema matabibu hao, huzaliwa na kipimo chake cha dosha hizo tatu. Mwenye vata nyingi husemekana kuwa mwembamba, mwenye ngozi kavu, mwepesi wa kuelewa na mwepesi wa kusahau, mwenye usingizi wa mang'amung'amu na wasiwasi wa mara kwa mara. Vata ikizidi mpaka wake huleta maradhi, na miongoni mwa maradhi hayo ni maumivu ya viungo. Kuirudisha katika mizani ni kuipa kinyume cha sifa zake: joto badala ya baridi, mafuta badala ya ukavu, chakula kizito kilichopikwa badala ya chakula kikavu, na maisha yenye ratiba badala ya pilikapilika. Ndiyo maana mafuta ya ufuta, yanayohesabiwa kuwa ya moto na mazito, yamepewa cheo cha kwanza katika kutuliza vata.

Msomaji bila shaka amekwisha kuona kwamba kanuni hii si ngeni kwake. Amewahi kuisikia nyumbani, ingawa haikuitwa vata.

Nadharia iliyokuja na pepo za msimu

Hebu tulitazame lenyewe neno baridi yabisi. Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu. Yabisi maana yake ni kavu. Basi jina la ugonjwa huu si jina la kiungo wala la mdudu. Ni jina la sifa mbili, ubaridi na ukavu, na sifa hizo ndizo zilezile zipewazo vata huko India.

Sababu yake inaeleweka tukifuata historia. Wayunani wa kale, na hasa tabibu Galen wa karne ya 2, walifundisha kwamba mwili una majimaji manne. Damu ni ya joto na maji. Nyongo ya manjano ni ya joto na kavu. Kohozi ni la baridi na maji. Na nyongo nyeusi ni ya baridi na kavu. Afya ni kulingana kwa hayo manne, na maradhi ni kuzidiana kwake. Mafundisho hayo yalitafsiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad, yakapanuliwa, na hatimaye yakapangwa vizuri na Ibn Sina (980–1037) katika kitabu chake kikubwa cha tiba kiitwacho Kanuni. Wataalamu wa Baghdad hawakuishia kwa Wayunani. Walisoma pia tiba ya Kihindi, na kitabu cha Ali al-Tabari, kilichokamilika mnamo mwaka 850, kina sehemu nzima inayoeleza mafundisho ya matabibu wa India. Kwa hiyo mikondo hii miwili ya elimu ilikuwa inafahamiana zamani.

Kilwa nayo ilikuwa bandari ya bahari hiyohiyo. Ibn Battuta aliizuru mwaka 1331 akaukuta mji wa Waislamu wenye ustawi. Nguo na shanga za Gujarati zilifika huko kwa pepo za msimu, na pamoja na bidhaa zilikuja elimu, vitabu na maneno. Lugha yetu imehifadhi alama zake. Neno balghamu, yaani kohozi, ni mojawapo ya yale majimaji manne. Neno safura lilikuwa jina la Kiarabu la nyongo ya manjano. Hata neno tabia, ambalo leo tunalitumia kwa mwenendo wa mtu, katika vitabu vya tiba vya zamani lilihusu maumbile ya mwili na sifa zake za joto, baridi, ukavu na umaji.

Basi jibu la swali letu la kwanza ni hili: kufanana kwa bibi wa Njinjo na tabibu wa Kerala si kwa bahati tupu. Wote wawili ni warithi wa fikra za bahari moja, ingawa kila upande ulizikuza kwa namna yake na kuzichanganya na ujuzi wa wenyeji.

Mwili una mizani kweli

Sasa tulikabili swali la pili. Kwanza tutoe haki inapostahili. Fikra ya kwamba uhai ni mizani ni fikra sahihi. Katika karne ya 19 mwanasayansi Mfaransa Claude Bernard alionyesha kwamba mnyama huishi kwa kuyahifadhi mazingira ya ndani ya mwili wake yasibadilike ovyo, hata kama hali ya nje inabadilika. Katika miaka ya 1920 Mmarekani Walter Cannon aliipa hali hiyo jina la homeostasi.

Mifano yake ni mingi. Halijoto ya mwili hukaa karibu na nyuzi 37 za Sentigredi. Ikipanda, mishipa ya damu ya ngozini hutanuka na jasho hutoka. Ikishuka, mishipa hiyo husinyaa na misuli hutetemeka. Kiasi cha asidi katika damu hushikiliwa katika nafasi nyembamba sana, kati ya pH 7.35 na 7.45. Sukari ikizidi katika damu, kongosho hutoa insulini.

Lakini tazama tofauti. Kila mizani niliyoitaja ina kipimo chake na chombo chake. Mwanafunzi wa Njinjo na daktari wa Tokyo wakimpima mtu mmoja kwa vipimajoto viwili vizuri, watapata jibu moja. Vata haina kipimo cha namna hiyo. Haipimwi kwa gramu wala kwa nyuzi, na matabibu wawili wanaweza kumwangalia mtu mmoja wakatofautiana juu yake pasipo njia ya kuamua nani amekosea.

Isidhaniwe kwamba sayansi inakataa kuwapo kwa aina mbalimbali za miili. Mwaka 1901 Karl Landsteiner alieleza makundi ya damu ya binadamu. Hizo ni aina za kweli, na kuzikosea wakati wa kumwongezea mgonjwa damu kunaweza kumuua. Zilikubaliwa kwa sababu tone la damu likichanganywa na dawa ya kupimia huganda au haligandi, na kila mwenye macho huona.

Joto la tangawizi

Na vile vyakula vya moto na vya baridi, je, ni upuuzi? La hasha. Mwaka 1997 mtafiti David Julius na wenzake walitambua katika mishipa ya fahamu protini ambayo huamshwa na joto kali, na pia huamshwa na kile kitu kinachoifanya pilipili iwashe. Baadaye iligunduliwa protini nyingine ambayo huamshwa na baridi na vilevile na mafuta ya mnanaa. Kwa uchunguzi huo Julius alipewa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Vitu vilivyomo katika tangawizi navyo huigusa ile protini ya joto. Kwa hiyo aliyesema zamani kwamba tangawizi ni ya moto na mnanaa ni wa baridi alikuwa anaeleza kwa usahihi jambo linalotokea katika mishipa yake ya fahamu.

Hata hivyo kuhisi joto si kupanda kwa halijoto. Mwalimu anaweza kulithibitisha hilo darasani kwa gharama ndogo. Mpime mwanafunzi kwapani kwa kipimajoto, mpe kipande kidogo cha tangawizi atafune, umpime tena baada ya dakika 15. Ulimi utakuwa umewaka, lakini kwa kawaida kipimajoto hakitaonyesha badiliko la maana.

Kadhalika kuchua kwa uto wa moto kuna manufaa yake. Joto hulegeza misuli iliyokaza, kuchua husogeza kiungo kilichokakamaa, na mafuta huzuia ngozi isichubuke. Mzee ambaye gegedu za magoti yake zimelika kwa miaka mingi ya kulima na kubeba mizigo hupata nafuu ya kweli, na nisingemshauri aache. Hatari haimo katika uto. Hatari imo katika jina.

Jina moja, maradhi mengi

Nadharia ya mizani hukusanya maradhi kwa sifa zinazohisiwa na mgonjwa. Sayansi huyapambanua kwa visababishi vyake. Hebu tuone ni mambo mangapi yamejificha chini ya jina moja la baridi yabisi katika sehemu zetu hizi za kusini.

Mnamo mwaka 1952 na 1953 ulizuka ugonjwa katika Uwanda wa Makonde, huko Newala, ndani ya Jimbo la Kusini la wakati huo ambalo Kilwa nayo ilikuwamo. Watu walishikwa ghafla na homa na maumivu makali ya viungo, hata wakajikunja wasiweze kusimama wima. Jina walilolitumia wenyeji, lenye maana ya kujikunja, limeenea leo dunia nzima: chikungunya. Madaktari Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliandika habari zake mwaka 1955, na R.W. Ross akaeleza mwaka uliofuata jinsi virusi vyake vilivyopatikana katika maabara ya Entebbe, Uganda. Virusi hivyo huenezwa na mbu aina ya Aedes aegypti, anayeuma mchana na kutaga mayai katika maji yaliyotuama karibu na watu: mitungi, makopo, matairi, vifuu vya nazi. Uwanda wa Makonde unajulikana kwa uhaba wa maji, na penye uhaba watu huhifadhi maji majumbani.

Mwaka 2004 ugonjwa huo ulizuka Lamu na Mombasa, mwaka 2005 ukafika Komoro na Réunion, na mwaka 2006 India ikahesabu washukiwa zaidi ya milioni moja. Bahari iliyotuletea nadharia ya baridi ikapitisha ugonjwa wa viungo katika njia ileile. Wengi wa wagonjwa hupona homa kwa siku chache, lakini maumivu ya viungo yanaweza kubaki miezi kadhaa. Kumchua mgonjwa wa namna hii kutampa faraja. Kuwalinda jirani zake ni kufunika mtungi.

Ugonjwa wa pili ni selimundu, au sikoseli. Huu hurithiwa. Badiliko dogo katika jeni moja huifanya himoglobini ishikamane, na chembe nyekundu za damu zikachukua umbo la mundu na kuziba mishipa midogo. Mtoto hupatwa na maumivu makali ya mifupa na viungo ambayo huja na kuondoka. Mwaka 1954 Anthony Allison, kwa uchunguzi alioufanya Afrika Mashariki, alieleza kwa nini jeni hiyo imeenea katika nchi zenye malaria: aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu.

Hapa lipo jambo la kupendeza. Wazee husema kwamba baridi humchochea mtoto wa namna hii maumivu, nao wanasema kweli. Baridi huisinyaza mishipa midogo ya damu, na hospitali hutoa shauri lilelile la kumfunika mtoto na kumpa maji mengi. Uchunguzi wa wazee ulikuwa sahihi. Maelezo yao ya chanzo ndiyo yaliyokosa. Na kwa kukosa chanzo, mtoto aliyekandwa tu nyumbani hakosi faraja, bali hukosa kinga dhidi ya maambukizi, dawa ya haidroksiyurea, na damu anapoihitaji.

Ugonjwa wa tatu ni homa ya baridi yabisi, nao ndio uliompata binamu yangu. Huanza na maambukizi ya koo yaletwayo na bakteria aina ya streptokoki, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Majuma mawili au matatu baadaye, kinga ya mwili iliyoamshwa kupigana na bakteria hao huishambulia mihimili ya mwili wenyewe. Viungo huvimba, na uvimbe huhama kutoka kiungo hiki kwenda kile. Bibi yangu hakukosea aliposema kwamba kitu kinatembea. Tabibu wa Ayurveda angesema vivyo hivyo, kwa maana kutotulia ni sifa ya upepo. Maumivu hayo hukoma yenyewe baada ya majuma machache, achuliwe mtu au asichuliwe. Lakini mashambulizi hayo hufika pia kwenye vali za moyo, na jeraha la huko halikomi. Kila koo linapougua tena, kovu huzidi.

Binamu yangu alicheza mpira miaka mingine kadhaa. Kisha akaanza kukosa pumzi akipanda kilima, halafu akikoka moto, halafu akilala chali. Alipopimwa kwa mara ya kwanza alikuwa amefikisha miaka 19, na vali mbili za moyo wake zilikuwa zimeharibika. Alifariki kabla ya kutimiza miaka 21. Siku zile za utotoni sindano ya penisilini, na nyingine kila baada ya majuma matatu au manne kwa miaka mingi, ingaliweza kuulinda moyo wake. Bibi hakufanya kosa la uzembe hata kidogo. Alifanya kwa mapenzi yote kile alichojua, na ujuzi wake ulimpa ushahidi wa uongo: mtoto alipona.

Hapo ndipo ulipo udhaifu mkubwa wa nadharia ya mizani. Mgonjwa akipona, husemwa kwamba baridi imetoka au vata imetulia. Asipopona, husemwa kwamba amevunja miiko. Nadharia ambayo kila tokeo huithibitisha haiwezi kutuonya inapokosea.

Mfano mmoja mdogo zaidi utatosha kuonyesha faida ya kutafuta chanzo. Neno safura, lililokuwa jina la nyongo ya manjano, lilikuja kuwa jina la ugonjwa wa weupe wa macho na uchovu mwingi. Hadubini ilionyesha kwamba chanzo si nyongo. Ni minyoo midogo ambayo huingia kwa kutoboa ngozi ya miguu isiyovaa viatu, kisha hukaa utumbuni ikinyonya damu. Hapakuwa na mizani ya kurekebisha. Palikuwa na choo cha kuchimba, viatu vya kuvaa na vidonge vya minyoo vya kumeza. Jina la zamani limebaki, na maana yake imebadilika. Hakuna sababu baridi yabisi isipitie njia hiyo.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wengi watauliza: mbona maelezo ya mtu wa vata yananifaa mimi kabisa? Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer wa Marekani aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia, kisha akamrudishia kila mmoja karatasi ya maelezo juu yake. Aliwataka waipe alama za usahihi kuanzia 0 hadi 5. Wastani ulikuwa 4.26. Ndipo akawafunulia kwamba karatasi zote zilikuwa na maneno yaleyale.

Mwalimu anaweza kulirudia jaribio hili. Waulize wanafunzi maswali kumi kuhusu usingizi, chakula na hasira zao. Siku ya pili mpe kila mmoja, kwa siri, karatasi yenye maneno haya: "Akili yako huwaka upesi, lakini huchoka jambo likikosa maana kwako. Kuna siku unapenda watu na kuna siku unapenda upweke. Wasiwasi hukunyima usingizi nyakati fulani, ingawa wengine hawatambui. Mwili wako hudai joto na utulivu kuliko unavyouruhusu." Kusanya alama na mtafute wastani. Mjadala utakaofuata utawafundisha jambo moja kubwa kuhusu uthibitisho: kwamba maelezo yanayomfaa kila mtu hayamwelezi mtu yeyote.

Tufanyeje?

Haifai kuidharau tiba asili. Nchi yetu ilianzisha kitengo cha kuichunguza huko Muhimbili mwaka 1974, ambacho baadaye kilikuwa Taasisi ya Tiba Asili, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002. Wala haifai kuamini kwamba kila kinachoitwa cha asili ni salama. Mwaka 2004 watafiti walichapisha matokeo ya kuzipima dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani mjini Boston, Marekani. Dawa 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki kwa kiasi cha kudhuru. Vidonge vya "mitishamba" vya viungo katika nchi mbalimbali vimekutwa vimetiwa deksamethasoni kwa siri, dawa ambayo hutuliza maumivu haraka na kuharibu mwili polepole. Uto wa bibi hauna sumu hiyo. Vidonge visivyo na asili inayojulikana vyaweza kuwa nayo.

Kwa hiyo napendekeza kanuni nyepesi ambayo mwanafunzi anaweza kuifikisha nyumbani pasipo kumvunjia mtu heshima. Mzee mwenye magoti ya siku nyingi na achuliwe. Lakini mtoto aliyevimba kiungo, hasa uvimbe ukihama, au aliyeumwa koo kwa homa siku za karibuni, apelekwe kwenye kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama maumivu yameanza kupungua. Mtoto mwenye maumivu ya mifupa ya mara kwa mara, au mchanga aliyevimba mikono na miguu, apimwe damu kwa ajili ya selimundu. Na nyumba kadhaa za jirani zikishikwa na homa ya viungo kwa wakati mmoja, kituo cha afya kijulishwe, na mitungi ifunikwe.

Mwalimu mwenzangu, siku utakapofundisha somo la kinga ya mwili au la mzunguko wa damu, usianze na picha ya kitabuni. Waulize wanafunzi nyumbani kwao baridi yabisi hutibiwaje, na ni watu wa umri gani hupatwa nayo. Andika majibu yao ubaoni, kisha muyagawe pamoja kwa umri, kwa homa, kwa kuhama kwa uvimbe. Jina moja litagawanyika mbele ya macho yao kuwa maradhi matatu au manne. Huenda mmoja wao akarudi nyumbani jioni na kumkuta mdogo wake anachuliwa goti, akauliza swali ambalo mimi, nikiwa nimeshika kibatari, sikujua kuliuliza: je, juzi koo lilimuuma?